Nyaya za plagi: zibadilishwe kwa kilomita, kwa kipimo cha omu au kwa dalili?

MsafiriMakini

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye uzoefu na mfumo wa cheche katika injini za petroli. Gari langu lina injini ya silinda nne yenye distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda) na koili moja inayozalisha umeme huo wa volti kubwa, na nyaya za plagi zilizomo ni zilezile nilizozikuta nilipolinunua likiwa limeshatumika, hivyo sina kumbukumbu yoyote ya lini zilifungwa. Siku za kawaida gari linakwenda vizuri, lakini asubuhi zenye unyevunyevu, au baada ya mvua ya usiku, injini ikishawaka hutetemeka katika sailensa (yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) kana kwamba silinda moja haifanyi kazi, kisha baada ya dakika chache hutulia yenyewe. Hivi karibuni imeongezeka dalili ya pili: nikipanda mlima kwa gia kubwa na kukanyaga mafuta kwa nguvu, injini inamisi (silinda inakosa mwako) mara moja moja, hata pale ambapo hali ya hewa ni kavu kabisa.

Nimewauliza mafundi wawili, nao wamenipa majibu yasiyopatana. Wa kwanza anasema kwamba nyaya zina umri wake kama ulivyo mkanda wa taimingi, na kwamba zikifika kilomita 100,000 hutolewa bila mjadala. Wa pili alizipima ukinzani, unaohesabiwa kwa omu, moja moja kwa multimita, akapata kati ya kilo-omu 7 kwa waya mfupi na kilo-omu 11 kwa ule mrefu, akaniambia kuwa nyaya ni nzima na nisipoteze fedha; yeye anashuku nozeli zinazopulizia petroli au pampu ya petroli. Kila mmoja ana mantiki yake, na ndiyo maana nashindwa kuamua.

Naomba kufahamu ni ushahidi gani hasa unaotosha kumfanya mwenye gari aamue kubadilisha nyaya. Je, kipimo kizuri cha omu kinaziondolea shaka zote? Na je, kuna kitu ninachopaswa kukikagua kwanza kabla ya kununua? Plagi zenyewe sijazitoa tangu sevisi ya mwaka jana.

FundiWaPetroli

Ndugu Msafiri, fundi wako wa pili amepima vizuri, ila amepima nusu tu ya kazi ya waya. Waya wa plagi una majukumu mawili: kwanza, kuupitisha umeme kutoka kwenye distributa hadi kwenye plagi; pili, kuuzuia umeme huo usitorokee pembeni kabla haujafika. Multimita hupima lile jukumu la kwanza peke yake, tena huupima waya kwa volti chache za betri yake ndogo, ilhali injini inapofanya kazi waya huohuo hubeba maelfu ya volti, mara nyingi kati ya 10,000 na 20,000, na koili nyingi zinaweza kupanda zaidi ya hapo endapo cheche inachelewa kuruka. Ufa mwembamba kwenye mpira ambao mita haiwezi kuuona unatosha kabisa kupitisha volti 15,000.

Kwa hiyo kipimo cha omu kina nguvu upande mmoja. Kikiwa kibaya, waya umekwisha na hakuna sababu ya kuutetea. Kikiwa kizuri, hakijasema lolote kuhusu ganda lake. Kwa usomaji wako naamini viini vya nyaya ni vizima, kwa sababu vitabu vya ufundi vya magari mengi ya Toyota na Honda ya enzi ya distributa huweka kikomo cha kilo-omu 25 kwa waya mmoja, na ni kawaida waya mrefu kusoma juu zaidi ya mfupi. Zingatia tu kwamba nyaya ambazo kiini chake ni chuma chembamba kilichosokotwa husoma chini sana kuliko zile za kiini cha kaboni, hivyo kitabu cha gari lako au maelezo ya mtengenezaji wa waya ndiyo ya kufuatwa, na si namba ya gari la jirani. Pia, unapopima, ukunje na kuutikisa waya taratibu huku ncha za mita zikiwa zimeshikizwa vizuri. Namba ikirukaruka au ikipotea, kiini kimekatika ndani na ncha zake zinagusana kwa bahati. Waya wa namna hiyo unaweza kusoma vizuri mezani na kukosea barabarani.

Kinachonifanya nishuku ganda ni dalili zako zenyewe. Hitilafu inayokuja na unyevu na kuondoka injini inapopata joto, maana yake joto hilo linakausha kitu fulani, na kwenye mfumo wenye distributa vitu vya kushukiwa ni vichache: ganda la nyaya, kofia za mpira zinazovaa juu ya plagi, na kifuniko cha distributa. Koili inayokufa mara nyingi hufanya kinyume chake, yaani huwa njema ikiwa baridi na kuharibika ikishapata moto. Pampu ya petroli, kwa upande wake, haina sababu ya kujali umande wa asubuhi.

Jaribio ninaloliamini kuliko mengine yote ni la usiku. Egesha gari mahali pa wazi penye giza, kamwe isiwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa moshi wa eksozi una kaboni monoksaidi ambayo huua bila kunusika. Washa injini, iache katika sailensa, kisha tumia chupa ya kunyunyizia kupuliza ukungu mwembamba wa maji kwenye nyaya, kofia na kifuniko cha distributa, ukianza na waya mmoja na kusubiri kidogo kabla ya kwenda mwingine. Waya unaovuja utaonyesha mwanga wa buluu au cheche ndogo zinazorukia chuma cha injini, mara nyingi zikiambatana na sauti ya kutatarika, na injini itaanza kutetemeka pale unapofika mahali pabovu. Usishike kitu chochote wakati huo, mikono na mikono ya nguo ikae mbali na mikanda na feni, na mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie kabisa.

Ombi langu kubwa ni kwamba usikubali mtu yeyote akufanyie ule upimaji wa kuchomoa waya mmoja mmoja injini ikiwa inaunguruma. Umeme usiopata njia hutafuta ya kwake, na aghalabu hupasua kizio cha koili au cha rota inayozunguka ndani ya distributa. Wakati huohuo petroli isiyoungua huingia kwenye eksozi na kuungulia ndani ya masega (kisafisha moshi cha eksozi), ambayo hupata joto kali hadi kuyeyuka. Huo ni uharibifu mkubwa mno kwa ajili ya kutafuta jibu ambalo chupa ya maji inalitoa.

MwalimuWaFizikia

Nakubaliana na Fundi, nami naomba kueleza dalili ya pili, ile ya mlimani, kwa sababu ndiyo inayoonyesha wapi pa kuanzia.

Mwanafizikia wa Ujerumani, Friedrich Paschen, alionyesha mwaka 1889 kwamba volti inayohitajika ili cheche iruke kati ya vyuma viwili hutegemea mambo mawili yakizidishwa pamoja: msongo wa gesi iliyopo katikati na umbali wa vyuma hivyo. Katika hewa ya kawaida milimita moja huhitaji takriban volti 3,000 hadi 4,500. Ndani ya silinda, plagi inapowaka, mchanganyiko umeshabanwa na msongo ni mara kadhaa ya ule wa nje, kwa hiyo nafasi ileile ya milimita moja hudai volti nyingi zaidi. Sasa, katika sailensa throtoli imefungwa, hewa inayoingia ni kidogo, na hata baada ya kubanwa msongo wake ni wa wastani. Unapopanda mlima na kukanyaga mafuta, silinda hujaa hewa, msongo wakati wa cheche hupanda, na koili hulazimika kwenda juu zaidi kabla cheche haijaruka. Hapo ndipo sehemu dhaifu ya waya hupata nafasi yake: umeme hutoka mahali panapopasuka kwa volti ndogo zaidi, na kama ufa wa kofia unapasuka kwa volti 12,000 wakati plagi inadai 16,000, cheche itaruka kwenye ufa na silinda itabaki bila mwako.

Kutokana na hilo nataka jambo moja lieleweke vizuri, kwa kuwa naona linasahaulika sana katika mijadala ya nyaya: plagi ndiyo inayoamua waya utabeba volti ngapi. Ncha za plagi huliwa kadiri zinavyotumika na nafasi kati yake hupanuka. Plagi iliyofungwa ikiwa na nafasi ya milimita 1.1 na kufika 1.4 inaudai waya volti zaidi kila inapowaka, maelfu ya mara kwa kila dakika chache za safari. Plagi kuukuu huzichakaza nyaya. Kwa hiyo nakushauri uzitoe plagi zako na kuzipima nafasi kabla hujanunua waya wowote. Lakini nakuonya pia kuhusu upande wa pili: ukifunga plagi mpya tu, mahitaji ya volti yatashuka na injini inaweza kuacha kumisi kwa muda, ukadhani tatizo lilikuwa plagi peke yake, kumbe waya uliopasuka bado upo na unasubiri nafasi ya plagi ipanuke tena.

Niongeze neno kuhusu ukinzani. Wengi wanaamini kwamba omu nyingi humaanisha cheche dhaifu moja kwa moja. Kabla cheche haijaruka, mkondo unaopita kwenye waya ni mdogo sana, kwa hiyo ukinzani hauli volti nyingi. Kazi yake huonekana baada ya cheche kuanza, kwa kupunguza mkondo wake na kuzuia mawimbi yanayovuruga redio na kompyuta ya injini. Ndiyo maana waya wa kilo-omu 15 hufanya kazi vizuri kabisa. Kinachodhuru ni kiini kilichokatika, kwa kuwa pale pana nafasi ya pili ambayo cheche lazima iiruke pamoja na ile ya plagi, na kila inaporuka huichoma kaboni na kuipanua zaidi. Mlio wa kutatarika kwenye redio ya mawimbi ya AM, unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa injini, mara nyingi hutokana na hali hiyo.

MsafiriMakini

Nawashukuru sana nyote wawili kwa maelezo ya kina. Nimefanya jaribio la chupa ya maji gizani kama Fundi alivyoelekeza. Nyaya zenyewe hazikuonyesha kitu katika urefu wake, wala kifuniko cha distributa, lakini nilipofika kwenye silinda ya tatu mwanga wa buluu ulionekana wazi pale kofia ya plagi inapoingia kwenye shimo lake, na injini ikaanza kutetemeka kama inavyofanya asubuhi.

Injini ilipopoa nilitoa plagi zote. Ya tatu ilikuwa na mstari mweusi mwembamba juu ya kauri nyeupe, kuanzia kwenye ncha ya juu hadi kwenye chuma cha pembe sita, na ndani ya kofia yake nilikuta mstari unaolingana nao. Shimo la plagi hiyo lina mafuta ya injini chini, na mpira wa kofia umevimba na kuwa laini. Nafasi ya plagi zote imefika karibu milimita 1.4, wakati kitabu kinataka 1.1. Vilevile plagi zote nne zina utepe wa rangi ya kahawia kwenye kauri, ukizunguka juu kidogo ya chuma. Je, huo nao ni uvujaji? Na je, kwa kuwa waya mbovu ni mmoja tu, nibadilishe huo peke yake?

FundiWaPetroli

Umefanya kazi safi, na umepata ushahidi ambao hakuna namba ya kilomita wala ya omu ingeweza kukupa.

Nianze na rangi, maana alama hizo mbili huchanganywa mara nyingi. Utepe wa kahawia unaozunguka kauri karibu na chuma hauna madhara. Chembe za mafuta zilizomo hewani huvutwa na uga wa umeme wa volti kubwa na kushikamana pale, na plagi nzima kabisa huweza kuwa nao. Mstari mweusi unaopanda kwa urefu wa kauri ni jambo jingine. Huo ni njia ya kaboni ambayo cheche imejichongea kwenye uso wa kauri na wa mpira, na ikishakuwepo umeme utaifuata daima kwa kuwa ni rahisi kuliko kuruka ndani ya silinda. Kufuta kwa kitambaa au petroli hakutoshi. Plagi yenye mstari huo na kofia yenye mstari unaolingana hutolewa pamoja, kwa sababu ukibakiza kimojawapo, kilichobaki kitamchora mwenzake mpya.

Mafuta yaliyo ndani ya shimo ndiyo chanzo, nami ningekusihi usifunge waya mpya kabla hujayashughulikia. Yanatoka kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), au kwenye sili zinazozunguka mirija ya plagi kama injini yako inazo. Mafuta ya injini hulainisha na kuvimbisha mipira mingi ya kofia, kofia iliyovimba haikumbatii tena kauri kwa kubana, na kwenye mwanya huo unyevu na umeme hupita. Badilisha gasketi, safisha mashimo na uyakaushe kabisa kabla ya kutoa plagi, ili uchafu usidondoke ndani ya silinda.

Kuhusu waya mmoja au zote, ningebadilisha zote, na sababu yake ni kwamba nyaya hizo ziliwekwa pamoja, zimepikwa na joto lilelile la manifoldi ya eksozi na kubeba plagi zilezile zenye nafasi iliyopanuka. Hakuna ajuaye umri wake. Ile ya tatu imetangulia kwa sababu ya mafuta, lakini zilizobaki hazina muda mrefu. Ningekushauri kubadilisha waya mmoja peke yake iwapo tu zote zingekuwa changa na huo mmoja ungeharibiwa na ajali inayojulikana, kwa mfano kuangukia kwenye eksozi ukaungua au kukatwa na kibano. Usiusahau pia ule waya wa tano, unaotoka kwenye koili hadi katikati ya distributa, kama gari lako linao. Huo hubeba cheche za silinda zote, na ukidhoofika injini nzima huyumba, si silinda moja.

Ukiwa hapo fungua kifuniko cha distributa na ukiangalie ndani kwa taa. Tafuta mistari myeusi kama ule uliouona kwenye kauri, ncha zilizoliwa au zenye utandu wa kijani, na kile kidole cha kaboni cha katikati kama bado kinacheza na kurudi. Sitakuambia ukibadilishe kwa sababu tu unabadilisha nyaya. Kikiwa safi, kiache.

KoiliMbili

Naomba kuingia kwa ajili ya wasomaji ambao magari yao hayana distributa, kwa kuwa baadhi ya dalili husomeka tofauti kwao.

Katika injini nyingi za silinda nne zilizokuja baada ya distributa, koili moja huhudumia plagi mbili kwa pamoja, kwa kawaida silinda ya 1 na ya 4, kisha ya 2 na ya 3. Umeme hutoka ncha moja ya koili, hupita waya na plagi ya kwanza, huingia kwenye chuma cha injini na kurudi koili kupitia plagi na waya wa pili. Kwa kuwa ni njia moja inayozunguka, waya uliokatika kabisa unaweza kuziathiri silinda mbili, hata kama waya wa pili ni mpya, na mashine ya kupimia ikakuonyesha misimbo ya hitilafu ya P0301 na P0304 (kumisi kwa silinda ya 1 na ya 4) kwa pamoja. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kununua koili. Ningewaomba wapime nyaya zote mbili za koili hiyo kwanza. Ikiwa waya mmoja unavujia kwenye chuma badala ya kukatika, kwa kawaida silinda yake tu ndiyo inayomisi, kwa sababu mzunguko wa mwenzake bado umekamilika kupitia uvujaji huo.

Kwa mifumo hii kuna upimaji rahisi usiohitaji giza: badilishana nyaya mbili za urefu unaokaribiana huku kila ncha ya koili ikibaki kuhudumia silinda yake ileile, futa misimbo, kisha endesha. Kosa likihama pamoja na waya, jibu limepatikana. Likibaki kwenye silinda ileile, hamisha plagi, halafu nozeli, na mwisho upime kompresheni. Na kama kila plagi yako ina koili yake juu, basi huna nyaya kabisa. Ulicho nacho ni kofia ndefu ya mpira chini ya koili, na mara nyingi hiyo ndiyo inayopasuka.

Sasa nina jambo la kutofautiana kidogo na Fundi. Kilomita zisidharauliwe. Watengenezaji na wauzaji wengi wa nyaya hutaja kipindi cha kati ya kilomita 80,000 na 100,000, na si kila dereva atakayekaa gizani na chupa ya maji. Kwa mtu anayesafiri mbali na mafundi, au anayebeba familia usiku, kubadilisha kabla ya dalili kuna thamani yake. Taa ya injini kwenye dashibodi ikianza kumeta wakati injini inamisi, kwenye magari mengi hiyo ni ishara kwamba masega yanaharibika wakati huohuo, na kumsubiri waya ajitangaze kwa njia hiyo ni kuchelewa.

FundiWaPetroli

Ndugu KoiliMbili, hoja yako naipokea kwa mtu asiye na nafasi ya kukagua. Hata hivyo kilomita hazijui mahali waya ulipolala. Gari moja lina nyaya zilizopita juu ya injini penye hewa, na jingine lina nyaya zilizobanwa nyuma ya manifoldi. La kwanza linaweza kuvuka kipindi hicho likiwa na mpira laini na mzima, na la pili likapasuka nusu ya safari. Wala kilomita hazihesabu miaka ambayo gari limesimama huku ozoni inayozalishwa na umeme wa volti kubwa ikiwa imeshaanza kuuchanachana mpira. Kwa maoni yangu kilomita zitumike kama ratiba ya kukagua: kila plagi zinapobadilishwa, kofia zigeuzwe na kutazamwa ndani, nyaya zikunjwe kwa vidole kuona kama zimekuwa ngumu au zinatoa nyufa, na omu zipimwe na kuandikwa. Waya ambao usomaji wake unapanda kutoka ukaguzi mmoja hadi mwingine unakuambia mwelekeo wake mapema, hata kama bado haujafika kikomo.

MwalimuWaFizikia

Kabla Ndugu Msafiri hajaenda kununua, naomba azingatie aina. Nyaya za shaba tupu zisizo na ukinzani husifiwa kwamba zinatoa cheche kali zaidi; kwenye gari lenye kompyuta ya injini huweza kuvuruga vihisio na redio, na faida wanayoitaja haionekani katika matumizi ya kawaida. Chukua aina iliyokusudiwa kwa injini yako, zenye ukinzani, na kama nyaya zitapita karibu na eksozi basi ganda la silikoni linavumilia joto vizuri kuliko mipira mingine mingi.

FundiWaPetroli

Kuhusu kufunga: subiri injini ipoe kabisa. Shika kofia yenyewe, izungushe kidogo kulia na kushoto mpaka iachie, ndipo uivute. Anayevuta waya hukata kiini ndani, na nyaya nyingi nzuri hufa kwa namna hiyo siku ya sevisi. Toa waya mmoja, ulinganishe urefu wake na ule mpya, funga mpya, halafu ndipo uende kwa unaofuata. Ukizitoa zote kwa pamoja ni rahisi kuvuruga mpangilio wa kuwaka, ambao kwa injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2, na injini itakataa kuwaka au itapiga nyuma kwa kishindo. Paka utando mwembamba sana wa grisi ya silikoni ya umeme kwenye mdomo wa ndani wa kofia, ili izuie maji na isigande kwenye kauri, lakini usiijaze kwenye chuma cha kugusana. Sukuma hadi usikie au uhisi ncha ikinasa.

Rudisha nyaya kwenye vishikizo vyake vyote. Vishikizo hivyo huziweka mbali na eksozi na pia hutenganisha nyaya za silinda zinazowaka kwa kufuatana, kwa sababu nyaya mbili zilizolala sambamba kwa urefu mrefu zinaweza kuambukizana umeme, na silinda ikapata cheche kabla ya wakati wake.

Usiku uleule wa kufunga, rudia jaribio la chupa ya maji. Usipoona mwanga wowote na injini ikatulia, endesha hadi kwenye ule mlima wako kwa gia ileile. Ikiwa bado inamisi pale, huku plagi na nyaya zikiwa mpya na giza halionyeshi uvujaji, basi rudi kwa fundi wako wa pili. Hapo shaka yake juu ya nozeli na pampu itakuwa na msingi, na kazi ya kupima msongo wa petroli itakuwa imefika zamu yake.